Meza ya Kumwagia Chai

Katika nyumba ile meza zilipita kama wageni. Zilizaliwa kwenye banda la uani, zikapigwa randa, zikapakwa vanishi, zikaingizwa ndani kwa mlo mmoja tu, kisha wenyewe wakaja kuzichukua. Siku nyingine zote watu wa nyumba hiyo walikula sahani zikiwa mapajani.

Huo mlo mmoja ulikuwa sheria ya Fundi, baba wa nyumba hiyo. Hakuwahi kumkabidhi mteja meza ambayo familia yake mwenyewe haijaionja.

"Nitajuaje kama inayumba," alisema, "kama hakuna aliyeikalia na njaa yake?"

Basi meza ikiingia, Mama alitoa magazeti ya zamani chini ya godoro, akayatandaza juu yake yote, akaongeza na shuka kuukuu, kisha akasimama mwishoni mwa meza kama askari wa zamu. "Viwiko juu! Hii ni mali ya watu!" Watoto wakala viwiko vikiwa hewani kama vifaranga wanaojifunza kuruka. Mtoto wa kwanza, ambaye hakuna kikombe kilichofika salama mikononi mwake, aliitwa Mafuriko, na jina hilo lilimfuata mpaka alipokuwa dereva wa malori, baba wa watoto. Baada yake walikuja mapacha, wasichana wawili wenye maneno mengi, ambao sasa waliishi mbali, kwa waume zao. Wa mwisho alikuwa binti, Msasa.

Msasa alipata jina lake kabla hajajua kusoma. Vidole vyake vilikuwa vidogo kiasi cha kufika kwenye kila kona ya kiti, na baba yake alimpa vipande vya msasa kama watoto wengine wanavyopewa peremende. Alikua mwenye haya, mtu wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Alisoma hadi chuo, akapata cheti, lakini hata huko alikuwa akipita karibu na dawati anaupitisha mkono juu yake, na moyoni anasema: hili halikusuguliwa.

Mama alikuwa na ombi moja, na alilirudia miaka nenda miaka rudi.

"Fundi, lini utanitengenezea meza yangu?"

"Mwezi ujao, bibie."

"Sitaki ya kifahari. Nataka meza ya kumwagia chai. Nimwage, nisiruke. Niifute nikipenda, nisipopenda niiache."

"Mwezi ujao."

Na si kwamba Fundi alimdanganya. Mara kadhaa aliianza kweli. Lakini kila mara alitokea mtu mwenye harusi au mwenye mgahawa, akaikuta imesimama pale bandani, akaisifu, akabembeleza, na Fundi alikuwa mtu wa kuona haya kukataa. Meza ya Mama ikaondoka mlangoni ikiwa na jina la mtu mwingine. Mama akayatandaza tena magazeti yake.

Kisha moyo wake ukachoka. Ndivyo daktari alivyosema, kwa sauti ya chini, kwamba moyo umechoka na hakuna la kuupumzisha. Mrudisheni nyumbani, mkae naye vizuri. Msasa aliacha kibarua alichokuwa ameanza mjini, akarudi. Siku hiyo hiyo Fundi alipanda darini kwenye banda, akaanza kushusha mbao za mvule alizokuwa amezilaza huko tangu Msasa hajazaliwa. Mbao nzito, zimekauka hadi zikigongwa zinajibu kama ngoma. Hakuwahi kumwonyesha mteja. Wateja walipokuja aliwaambia akiwa mlangoni, bila kuwakaribisha:

"Nimefunga. Nina mteja mmoja tu."

Kitanda cha Mama kilisogezwa karibu na dirisha linalotazama uani, na kazi ikaanza, baba na binti. Wao wawili hawakuwa wasemaji. Aliyeongea ni mgonjwa.

"Fundi! Hiyo randa inaimba au inalia?"

"Inafanya kazi."

"Basi iambie ifanye haraka, mwenye meza ana njaa."

Mbao ndefu zililazwa ubavu kwa ubavu, zikapakwa gundi, zikabanwa na jiriwa zote zilizokuwamo bandani. Miguu ikachongwa minene, ndimi zikaingizwa kwenye matundu yake bila msumari hata mmoja. Ilikuwa meza kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza: ya watoto wote, wakwe wote, wajukuu wote kwa mkupuo mmoja. Mama aliipanga akiwa kitandani.

"Mafuriko akae kule mwisho, karibu na mlango, maji yapate pa kutokea. Mapacha msiwaweke pamoja, hatutasikilizana. Wewe Fundi kaa kichwani."

"Na wewe?"

"Mimi katikati, upande huu wa dirisha. Mkono wangu umfikie kila mtu."

Fundi akachukua kalamu ya risasi, akaweka alama ndogo ya msalaba katikati ya ubao. Hapo ndipo pa Mama. Kuanzia siku hiyo, Msasa alipofika pale kwenye kusugua, mkono wake ulipunguza mwendo wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa vanishi. Na kwenye vanishi Fundi hakuwa na huruma hata na nafsi yake. Alipaka, akaiacha ikauke, Msasa akasugua kwa msasa laini mpaka mng'ao ukafa, akafuta vumbi kwa kitambaa, Fundi akapaka tena. Kisha tena. Mawingu yalikuwa yametanda siku hizo, hewa nzito, na vanishi ilikauka kwa kujivuta.

"Baba, haijatosha?" Msasa aliuliza mara moja, kwa sauti ambayo ungedhani anaomba radhi.

"Umeona uso wako ndani yake?"

Akainama. "Naona kama kivuli."

"Basi bado."

Watoto waliitwa waje Jumapili. Ijumaa Fundi alipaka mkono wa vanishi aliouita wa mwisho. Alipomaliza, yeye na Msasa walimbeba Mama juu ya kiti mpaka mlangoni mwa banda, maana alikuwa amechoka kuisikia bila kuiona. Alitazama bila kusema neno, na mtu aliyemjua angeshtuka kwa kimya kile. Meza ilimeremeta mule bandani kama maji yaliyotulia. Mama akaunyosha mkono polepole.

"Usiguse, bibie," Fundi akawahi kusema. "Bado mbichi."

Mkono ukarudi mapajani kama wa mtoto aliyekaripiwa. "Haya, mwenye meza," alisema, akatabasamu. "Wala sikugusa."

Jumamosi jioni, vanishi ilipoonekana kushika, Msasa alifanya alichofundishwa tangu utotoni. Alifumba macho, akaupitisha mkono juu ya meza kuanzia kona moja, taratibu, kwa sababu macho hudanganywa na mwanga na vidole havijui kudanganywa. Ilikuwa laini kama shavu. Akafika katikati, upande wa dirisha. Kidole kikazama kidogo.

Akafumbua macho. Hakuona kitu. Akavifumba tena, na kijishimo kikawa palepale, kidogo kuliko punje ya dengu, pale pale mahali pa Mama.

Alisimama kidole kikiwa juu yake. Hakuna mgeni angekiona. Hakuna mjukuu angekihisi. Kesho ilikuwa Jumapili. Mafuriko alikuwa tayari njiani. Angeweza kuinua mkono, akasema iko sawa, na nyumba nzima ingekula kesho. Lakini mikono ile ilikuwa imelelewa kusema kweli, na mtu mwenye haya, ajabu, ni vigumu sana kwake kunyamazia kitu ambacho vidole vyake vimeshakisema.

"Baba," aliita. "Hapa."

Fundi akaja, akainama, akaangaza kurunzi kwa ubavu. "Mdudu," alisema. "Alitua ikiwa mbichi, akaondoka."

"Labda tuiache tu. Si ya mteja."

"Ya mteja ningeirudia," Fundi alisema. "Ya mama yako niiache?"

Na kiraka hakikuwezekana, kingeonekana kama kovu usoni. Ilibidi uso wote wa meza usuguliwe na upakwe upya, na kwa hali ile ya hewa, Jumapili ikawa imeponyoka. Simu zikapigwa. Mafuriko alikuwa amesimamisha lori kandokando ya barabara.

"Baba, nimemlilia tajiri wangu hadi akanipa ruhusa! Mdudu? Mdudu mmoja?"

"Jumapili ijayo," Fundi alisema.

Mama alipoambiwa alitazama dari. Kisha akacheka, akacheka hadi kikohozi kikamshika na Msasa akamwinua mgongo.

"Mdudu gani huyo, ameikosa meza nzima, akatua kwangu tu?"

"Anajua pazuri," alisema Fundi.

"Basi asamehewe. Na nyinyi tulieni, msitupiane lawama. Jumapili haziishi."

Jumatatu mchana Msasa alikaa kitandani akimkata Mama kucha. Fundi alikuwa bandani, sauti ya msasa ikija kupitia dirishani, shwa, shwa, shwa. Alipofika kwenye mkono wa kulia, akakiinua kidole cha pili, aliona ncha yake inang'aa. Aliikwangua kwa ukucha. Kikatoka kigamba chembamba, kigumu, cha rangi ya asali. Akakinusa.

Hakuhitaji kuuliza, lakini alimtazama Mama, na Mama akatazama dirishani.

"Mlikuwa mmelala mchana ule mliponirudisha ndani, nyote wawili, mmechoka," Mama alisema. "Nikashika ukuta. Nikashika ukuta tena. Nikafika."

"Mama! Peke yako?"

"Nilitaka kujua kama imekauka. Kidole kimoja tu, sikuweka mkono." Alisema hivyo kama anayejitetea mbele ya mwalimu. "Ilikuwa inanata bado. Nikarudi."

"Mbona hukusema? Juzi, tulipokuambia?"

"Niseme nini, na mzee wa watu amejipinda mgongo namna ile? Angejua ni mimi, ndiyo kwanza asingelala. Usimwambie, mwanangu. Mwache na mdudu wake."

Msasa aliweka wembe chini, akatoka, akakimbia uani bila viatu. Baba yake alikuwa anapangusa vumbi. Uso wa meza ulikuwa mweupe wote kwa kusuguliwa, umekuwa sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Akafumba macho, akaupeleka mkono katikati, upande wa dirisha, akatafuta. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Palikuwa laini. Palikuwa laini kabisa.

"Vipi?" baba yake aliuliza. "Umesikia kitu?"

Akatikisa kichwa. Hakuna kitu.

"Hapo sawa," alisema Fundi, kwa fahari ya mtu aliyeshinda, akafungua kopo la vanishi.

Mama alifariki Alhamisi, jua likiwa bado juu. Hakulalamika, hakuagiza neno. Alikuwa amemwomba Msasa amgeuze upande wa dirisha, na Msasa alipokuwa akiuweka mto sawa aliona macho yametazama kitu kilicho mbali kuliko ua. Akaita, "Baba!" Sauti ile haikuwahi kutoka kinywani mwake, na Fundi aliijua maana yake kabla haijaisha. Alikuja mbio na brashi mkononi. Akapiga magoti kando ya kitanda, brashi ile ile mkononi, hajui aiweke wapi, na vanishi ikawa inadondoka sakafuni tone moja moja. Matone yale yapo hadi leo. Hakuna aliyethubutu kuyakwangua.

Watu walijaa nyumbani. Majirani walikuja na sufuria zao na vilio vyao, na katika kuhangaika na vyombo mama mmoja akasema, "Si kuna meza kubwa huko bandani? Itoeni basi itusaidie." Fundi akaenda akasimama mlangoni mwa banda, mikono imeshika mihimili ya pande zote mbili.

"Bado mbichi," alisema.

Haikuwa mbichi. Ilikuwa imekauka siku ile ya mazishi, na ikaendelea kukauka siku zilizofuata. Lakini kila aliyeisogelea alipewa jibu hilo hilo, na watu wakamheshimu, wakapika na kula wakiwa wamechuchumaa.

Wageni walipokwisha kutawanyika, wakabaki watoto. Mapacha walikuwapo, hawabishani. Jumapili ya wiki iliyofuata, asubuhi, Mafuriko hakumuuliza mtu. Aliwaita mashemeji zake, wakavua mashati, wakaibeba meza ile, wakaiingiza ndani kwa kuiinamisha ubavu, wakaisimamisha. Fundi alitazama tu. Haikuyumba.

Wakaketi kila mtu mahali alipopangiwa, bila mtu kuwaonyesha, kwa maana Mama alikuwa ameshawatangazia wote kwa simu. Mafuriko mwisho, karibu na mlango. Mapacha mbalimbali. Fundi kichwani. Katikati, upande wa dirisha, palibaki kiti. Msasa alikuja na chai, akaiweka, akarudi chumbani, akatokea tena na magazeti ya chini ya godoro mikononi. Alikuwa ameshaanza kulikunjua la kwanza ndipo akasimama. Wote walikuwa wanamtazama.

"Ya nini hayo?" Fundi akauliza taratibu.

Akayaweka chini sakafuni.

Walikunywa chai. Mke wa Mafuriko, ambaye hakulelewa nyumba ile, akawatazama mmoja mmoja, mumewe, mawifi zake, baba mkwe mwenye mvi zake. "Mbona mmeinua viwiko hivyo?" aliuliza. "Mnataka kuruka?"

Pacha mmoja akacheka, kicheko kikageuka kilio. Mafuriko akajinyoosha ampe kitambaa, na mkono wake ukakutana na kikombe.

Chai ikamwagika. Waliruka wote kwa pamoja, watu wazima, mmoja na leso, mwingine na mkono wa shati, mwingine na khanga.

"Acheni," Fundi alisema. "Kaeni."

Wakakaa. Wakaitazama chai ikitambaa juu ya mvule, ikifuata mteremko ambao hakuna jicho lingeuona, mpaka ikafika mbele ya kile kiti kitupu, ikasimama. Fundi alisubiri. Alisubiri sana, hata mvuke ukaisha. Kisha akainuka, akachukua kitambaa, akapangusa mara moja.

Hapakuwa na doa. Hapakuwa na hata kivuli cha doa. Meza ilimtazama kwa uso wake mwenyewe, mzee mwenye macho mekundu.

"Haikuingia," alisema. Akapangusa tena mahali pakavu. "Nimeipaka mno. Aliniomba meza ya kumwagia chai, nikamtengenezea kioo."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na hayo watoto wake hawakuwahi kuyaona hata makaburini.

Msasa akaenda bandani. Aliporudi alikuwa na kipande cha msasa kiganjani. Akasimama nyuma ya kiti cha Mama.

"Baba, ule haukuwa mdudu."

Fundi akainua kichwa.

"Ulikuwa kidole. Alitembea peke yake kwa kushika ukuta. Alitaka kujua kama imekauka. Alinikataza nisikuambie."

Fundi alikuja upande wa dirisha, akaweka kidole chake juu ya meza, akakisogeza kidogo, akakisogeza tena, mpaka Msasa akamshika mkono akauweka mahali penyewe. Akabaki hapo kichwa kimeinama.

"Nilimwambia asiguse," alisema. "Neno langu kwake juu ya meza yake mwenyewe. Asiguse."

Kisha akauona ule msasa kiganjani mwa binti yake. Akauchukua, akausugua kati ya vidole viwili, akaurudisha.

"Huu ni laini mno. Utakesha. Lete ule wa kwanza, ule mkali."

Msasa akauleta. Akapiga magoti juu ya kiti cha Mama, akaanza kusugua, mduara mdogo usiozidi kitako cha kikombe. Vumbi jeupe likatoka, likafuata la rangi ya asali, halafu harufu ya mvule ikapanda, nzito, kama siku mbao zilipotoka darini. Ubao ukaonekana, mkavu, hauna mng'ao. Akalipuliza vumbi.

Mafuriko alikuja na kikombe kilichokuwa na masazo ya chai. "Kazi hii ni yangu," alisema, machozi yakimtiririka waziwazi, akainamisha kikombe.

Ubao ukainywa. Doa likatanuka polepole, la kahawia, likazama ndani ya nyuzi za mti, na hakuna aliyenyoosha mkono kulifuta. Fundi akarudi kichwani mwa meza, akaketi, akaweka viwiko vyake vyote viwili juu yake.